Kwani Mkeka Ukichanika Lazima Mtu Auzwe?

Wasee, leo nitawakosea heshima kidogo. Mtanisamehe baadaye.

Kuna steji ya boda karibu na ninapokaa, hapa Kahawa Wendani, ambayo mwisho wa Julai huwa hailali. Ligi ya Uingereza imefungwa. Hakuna Arsenal wa kulilia, hakuna Man U wa kuchekelea. Sasa mtu akitaka kubeti usiku anabaki na nini? Besiboli ya Marekani. Mechi za New York zinaanza kama saa nane usiku wetu, za San Francisco zinakaribia saa kumi na moja alfajiri, na katikati hapo ni chai ya tangawizi, simu zilizopasuka vioo na kelele. Nusu ya wale majamaa miaka mitatu iliyopita hawakujua besiboli ni mdudu gani. Siku hizi wanakwambia mrushaji gani anaumwa kiwiko.

Julai ya 2025 nilikuwa pale jamaa mmoja alipochanika mkeka kwa sababu ya Rafael Devers. Akapanda juu ya kiti cha pikipiki yake, nawaambia akasimama wima, akapiga nduru: "Huyu wamuuze! Kesho asubuhi wamuuze!" Steji nzima ikaitikia kama kanisani. Nikamwambia, buda, huyo ndio ametoka kuuzwa. Hana hata miezi miwili San Francisco. Akaniangalia, akasema, "Basi wamuuze tena."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Halafu kesho yake nikafanya kitu kibaya zaidi: nikarekodi video ya dakika tatu kuhusu wachezaji watano wanaofaa kuondolewa kabla ya mlango kufungwa tarehe 31 Julai. Nikaweka muziki. Nikaweka X nyekundu juu ya sura zao. Sijawahi kuposti kitu kikatazamwa na watu wengi kama ile.

Mama yangu huangalia kila video yangu. Besiboli haielewi, anasema ni raundas za shule ya msingi ila wenyewe wamevaa suruali za kubana. Alinipigia jioni. Hakuuliza kuhusu pesa wala kuhusu chuo. Aliuliza, "Huyo wa tatu uliyemchora X, ako na watoto?" Nikasema sijui. "Na wakimhamisha, kuna mtu amemuuliza?"

Mama ni mwalimu. Ile miaka walimu walikuwa wanatawanywa mbali na kwao, na yeye alipata barua, katikati ya muhula, mimi nikiwa kidato cha tatu. Barua ya aya mbili. Kuanzia hapo tukawa na nyumba mbili za kulipia kodi na mshahara ule ule mmoja. Nilipofika mwaka wa pili chuoni karo ikakosa pa kutokea, na hadithi yangu ya digrii ikaishia hapo. Sijafungua kesi, simtaji mtu. Nasema tu nilielewa kwa nini anauliza.

Kwa hivyo hoja yangu ni hii, na mnirushie mawe mkitaka: shabiki anayeimba "uza, uza" katikati ya msimu wa besiboli hajui anachoomba, na mara nyingi anamfanyia tajiri mwenye timu kazi ya bure.

Hata hilo neno "kuuza" tumelitoa kwenye mpira wetu wa miguu, na linatudanganya. Huko kwenye soka klabu mbili zikikubaliana bei, bado mchezaji lazima akae mezani. Anaongea mshahara wake, anaangalia mji, mke wake anaangalia shule, na akisema hataki, safari imekufa. Tumeona wachezaji wakikataa kuhama mpaka klabu zikachoka. Besiboli si hivyo. Wao wanabadilishana wachezaji, wenyewe wanaita tredi, na mkataba wako unahama kutoka timu moja hadi nyingine kama logibuku ya gari. Mshahara ule ule, miaka ile ile. Kilichobadilika ni jina la mwenye gari. Na gari haliulizwi.

Kuna wanaoweza kukataa, lakini ni wachache. Unaweza kuwa uliwekewa kifungu cha kukataa kwenye mkataba wako. Ama uwe umecheza ligi kuu miaka 10, na 5 ya mwisho mfululizo uwe na timu hiyo hiyo moja. Hapo ndipo unapata haki ya kusema siendi. Jiulize ni wangapi wanafika huko mwili ukiwa bado unafanya kazi.

Na hata hiyo kanuni ina mtu aliyeilipia. Curt Flood alikuwa mchezaji wa St. Louis, mtu mweusi, miaka 12 na timu moja. Oktoba 1969 akaambiwa umepelekwa Philadelphia. Akakataa. Mkesha wa Krismasi mwaka huo alimwandikia barua kamishna wa ligi akimwambia kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anataka nini. Msimu mzima wa 1970 hakucheza. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka wa 1972 akashindwa, majaji 5 kwa 3. Alijaribu kurudi mwaka wa 1971 na timu ya Washington, akacheza mechi 13 tu, basi. Kanuni ya 10 na 5 ilikuja 1973, yeye akiwa ameshatoka. Sasa mtu kama huyo alipoteza kazi yake ili wengine waweze kusema hapana, na sisi hapa Wendani tunachora X nyekundu kwa sababu ya mkeka wa shilingi hamsini.

Haya, mtaniambia, "Lakini si alikuwa anacheza vibaya?" Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana hesabu za besiboli zinawapiga chenga watu wengi, pamoja na wale wanaojiita wachambuzi.

Wastani wa kupiga ni mara ulizofanikiwa kugawanya kwa zamu zako. Mwenye .300 anaitwa mfalme. Mwenye .250 ni mtu wa kawaida, huyo ndiye mnamwita takataka. Chukua zamu 20. Mfalme amefanikiwa mara 6. Takataka amefanikiwa mara 5. Mchezaji wa kila siku hupata zamu kama 20 na kitu kwa wiki. Yaani tofauti kati ya mfalme na takataka ni mpira mmoja kwa wiki, mpira mmoja ulioangukia nyasi badala ya kuangukia glavu ya mtu. Unaweza kuupiga vizuri kabisa na bado kuna jamaa amesimama pale. Msimu una mechi 162, na bahati inachukua muda mrefu kujisawazisha. Na wewe umeangalia mechi nne, zote ukiwa na usingizi.

Turudi kwa Devers, maana huyo ni mfano mtamu. Alianza msimu wa 2025 akiwa na Boston. Mechi 5 za kwanza alipata zamu 19, akafanikiwa mara ngapi? Sifuri. Katika hizo 19, alitolewa kwa kukosa mpira mara 15. Mara 15, manze! Ungekuwa unamhukumu kwa macho ya steji ungesema huyu aende akauze mayai. Alimaliza msimu na homurani 35. Homurani ni ule mpira unaopigwa ukavuka uzio, kwa wale wapya. Wachezaji wanaofika 35 kwa msimu ni wachache sana ligi nzima.

Na kuondoka kwake Boston hakukuhusu kiwango kabisa. Januari 2023 walikuwa wamempa mkataba wa miaka 10, dola milioni 313.5. Msimu wa 2025 wakamleta Alex Bregman, wakamwambia Devers aache nafasi yake ya besi ya tatu, awe anapiga tu bila kusimama uwanjani. Hakupenda, lakini akakubali. Mei mchezaji wao wa besi ya kwanza akaumia vibaya, wakamrudia: chukua glavu tena, nenda besi ya kwanza. Akagoma, na akaongea hadharani. Sitamtetea kwa kila kitu. Mtu wa mkataba kama ule angeweza kushika glavu, timu ilikuwa na shida. Lakini pia, we bosi, unamwambia mtu weka glavu kabatini, halafu wiki chache baadaye unamshangaa akikukumbusha maneno yako? Tarehe 15 Juni Boston wakamaliza kuwachapa Yankees mechi tatu kwa tatu, Devers mwenyewe akapiga homurani siku hiyo, na jioni hiyo hiyo akawa mchezaji wa San Francisco. Alikuwa hajafikisha miaka 10. Hakuwa na la kusema.

Wiki za kwanza kule hakuwa moto. Hiyo ndiyo ilichana mkeka wa jamaa yetu. Lakini fikiria, Jumapili uko Boston, siku chache baadaye uko upande wa pili wa bara, hujui hata choo cha uwanja kiko wapi, na kuna mtu Kenya amesimama juu ya pikipiki anataka uhame tena.

Ama mchukue Eugenio Suárez, mwaka huo huo. Arizona alikuwa ameshapiga homurani 36 kabla ya mwisho wa Julai, wakampeleka Seattle. Kufika huko, wastani wake ukashuka chini ya .200. Mtu wa mkeka angesema wamepigwa, wamenunua gunia la makaa yaliyonyeshewa. Kisha ikafika Oktoba, mchujo dhidi ya Toronto, mechi ya tano, alama 2-2, iningi ya nane, besi zote zimejaa. Suárez akaupiga nje. Alama nne kwa mpigo mmoja. Seattle hawajawahi kufika fainali ya World Series tangu timu izaliwe, na usiku ule walikuwa wamebakisha ushindi mmoja. Hawakuupata, Toronto wakawatoa mechi ya saba. Ila niambie, yule wa Septemba na yule wa Oktoba, ni nani Suárez wa kweli? Mimi nasema ni mtu mmoja aliyehama nyumba.

Lakini hakuna hadithi inayonikalia kooni kama ya Wilmer Flores. Kama hamjawahi kuona klipu yake, leo tafuteni.

Mets wa New York walimsajili kutoka Venezuela akiwa na miaka 16. Sisi tukiwa na miaka 16 tulikuwa tunabebewa boksi la shule. Alilelewa ndani ya timu ile, na mwenyewe amesema kutazama kipindi cha Friends kulimsaidia sana kujifunza Kiingereza. Tarehe 29 Julai 2015, Mets wakiwa nyumbani wanacheza na San Diego, habari zikavuja katikati ya mechi: Flores pamoja na mrushaji Zack Wheeler wanaenda Milwaukee, na Carlos Gómez anakuja. Waliojua kwanza ni watu wenye simu. Flores alikuwa uwanjani, huko simu hakuna. Alipokuja kupiga, mashabiki wakasimama wakampigia makofi ya kwaheri. Hivyo ndivyo alivyojua. Kocha wake, Terry Collins, hakuwa ameambiwa lolote, kwa hivyo akamrudisha uwanjani. Na pale, katikati ya uwanja, mbele ya maelfu ya watu, kijana wa miaka 23 akaanza kujifuta machozi.

Mtu asiniambie eti wanaume hawalii. Hiyo timu ndiyo nyumba pekee ya kazi aliyokuwa anaijua tangu akiwa mtoto.

Baada ya mechi meneja mkuu Sandy Alderson akatokea akasema hakuna tredi, mpango umekufa, na sababu iliyotajwa ikawa mambo ya afya ya mchezaji mmoja. Fikiria. Umeshaagwa, umeshalia, halafu unaambiwa rudi kazini kesho. Siku mbili baadaye, tarehe 31, Mets na Washington, 1-1, iningi ya 12. Flores akaupiga nje, mechi ikaisha 2-1. Akikaribia kumaliza mzunguko akashika yale maandishi ya Mets kifuani akayavuta, wenzake wote wakimngoja.

Sasa msinigeuze malaika. Najua mtakachosema, kwa sababu ndicho ningesema: siku hiyo hiyo ya tarehe 31 Mets walimleta Yoenis Céspedes kutoka Detroit kwa tredi nyingine, na huyo akapiga homurani 17 katika mechi 57, na timu ikafika World Series. Ni kweli. Bila Céspedes sidhani wangefika. Detroit nao walipata mrushaji Michael Fulmer, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi yake. Tredi zinafanya kazi. Sisemi zipigwe marufuku. Nasema Mets hawakumfuata Céspedes kwa sababu mtu fulani alikuwa na wiki mbaya. Walikuwa wameangalia jedwali, wakaona Washington wako karibu, wakaona wanakosa mpigaji mzito. Huo ni uamuzi. Kelele zenu ni hasira.

"Lakini wanalipwa mamilioni!" Hii ndiyo hoja inayopendwa zaidi. Sawa. Mwaka wa 2025 mshahara wa chini kabisa ligi kuu ulikuwa dola 760,000, karibu shilingi milioni 98. Hata mimi ningelia machozi ya furaha. Ila tredi hazina hao peke yao. Mwaka 2022 Washington walipomtoa Juan Soto kwenda San Diego, kwenye kile kifurushi walichopokea kulikuwa na James Wood, miaka 19, na Jarlin Susana, miaka 18. Vijana wa ligi za chini. Huko chini, kwa mkataba ulioanza 2023, anayecheza hatua moja tu kabla ya ligi kuu alianzia dola 35,800 kwa mwaka, na walio chini kabisa 19,800. Kwa maisha ya Marekani hiyo ni pesa ya kugawana chumba. Ndiyo, wengine walipata bonasi kubwa ya kusaini. Wengi hawakupata. Na hao ndio mnaowaita "ongeza wawili watatu hapo juu" mkipanga tredi zenu.

Hata hiyo ya Soto, angalieni nani alifaidika. Alikataa dola milioni 440 za miaka 15, na wapo walioona ni tamaa. Baadaye Mets wakampa milioni 765 kwa miaka hiyo hiyo 15. Kwa hivyo mwenye hesabu mbovu hakuwa yeye. Wakati anatolewa, familia inayomiliki Washington ilikuwa inatafuta mnunuzi wa timu. Watatu kati ya vijana waliowapata, Wood, C.J. Abrams na MacKenzie Gore, wote wamefika kwenye mechi ya nyota, yaani kwa karatasi Washington walifanya biashara safi sana. Msimu wa 2025 wakapoteza mechi 96 kati ya 162, na Julai hiyo meneja mkuu na kocha wakafutwa kazi. Shabiki aliyeambiwa avumilie bado anavumilia. Tiketi analipa. Ila muulize, atakuelezea tredi ile kwa lugha ya mhasibu: tuliokoa pesa, tulipata thamani. Tuliokoa pesa? Wewe na nani?

Hicho ndicho kinanikera. Mtu hana hisa hata moja, lakini moyo wake uko upande wa mwenye kitabu cha hundi. Na huyo huyo mtu, kazini kwake akiletewa barua ya aya mbili, anataka kijiji kizima kiandamane.

Ile video yangu ya X nyekundu bado iko. Sijaifuta, na sitajifanya. Juzi imenilipia tokeni za stima.

Na yule jamaa wa pikipiki bado tunaongea. Wiki iliyopita nikamwambia Devers alicheza mechi 163 msimu wa 2025. Akasema huo ni uongo, ligi ina mechi 162, kila mtu anajua. Nikamwambia hesabu: 73 Boston, 90 San Francisco, timu mbili hazikuwa zimecheza mechi sawa siku alipohamishwa. Akatoa simu akajumlisha. Akajumlisha tena. "Kwa hivyo walimhamisha na wakamwongezea kazi," akasema. Kisha abiria akaja, akaondoka.